Bi Hayat na Mashine Waliyoizika Ikiwa Hai

Revelian hakupiga hodi. Aliingia chumba cha mbele cha Bi Hayat, kule Kiwalani, bisibisi ikining'inia mfukoni mwa shati, akakishika kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika sanduku la kompyuta, akakiinua kwa vidole viwili kama mtu anayeinua soksi chafu. Akacheka.

"Bosi, njoo uone mwenyewe! Hii ni maiti. Prosesa ya 8086, mwaka huu wa tisini na saba! Hii hata jumba la makumbusho wataikataa."

Bosi aliyeitwa alikuwa Azan, mdogo wake Bi Hayat, aliyesimama mlangoni na miwani ya jua akichezea funguo za gari. Azan alikuwa akileta kompyuta zilizotumika kutoka Dubai, na Revelian, kijana wa Bukoba, alikuwa fundi wake. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wateja, nikisubiri makala yangu ichapwe. Ndani ya kile kisanduku kilichoitwa maiti, makala yangu ilikuwa imefika ukurasa wa pili.

Bi Hayat hakugeuka. Alimaliza sentensi, akaweka nukta, ndipo akasema:

"Rudisha kitambaa ulipokitoa, mwanangu. Hapa pana vumbi."

"Mama, hii mashine inakutia aibu."

"Mie sijaona aibu. Nimekuona wewe umeingia bila salamu."

Azan alicheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. "Shikamoo dada. Usimkasirikie, kijana anasema kweli. Dunia inakwenda mbio, wewe bado unaendesha punda."

"Marahaba. Na huyo punda ndiye anayenilisha."

Nimeishi Bombay na Lisbon, na Mombasa nimepita mara nyingi mno. Bombay nilimwona karani wa meli akitoa stakabadhi za mizigo kwa mashine ya kizazi kile kile, kutwa nzima, foleni ikisogea. Lisbon maktaba moja ilitunza orodha ya vitabu vyake vyote kwa mashine kama hiyo. Hakuna aliyesimama mlangoni kuicheka. Ni sisi tu tulioachiwa milango wazi juzi, tukaanza kutukana kila kilichokuwa ndani ya nyumba.

Niieleze hiyo prosesa, maana ndiyo iliyoleta ugomvi wote. Prosesa ni kile kipande cha ndani kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Wengine huita ubongo wake. Ya Bi Hayat ilikuwa ndogo, ya polepole, yenye kula umeme kidogo mno. Haikuhitaji feni. Baada ya kazi ya kutwa ungeweka kiganja juu ya sanduku ukakuta uvuguvugu, kama wa ukuta uliopigwa na jua la asubuhi, basi. Umeme ulipokatika, na mwaka ule ulikuwa wa mgao, Bi Hayat aliunganisha betri ya gari na kidude cha kugeuzia umeme, akaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Ofisi za mjini zenye mashine mpya zilifunga madirisha na kwenda kunywa chai.

Nisiipambe. Haikujua picha wala rangi. Herufi zake zilikuwa za aina moja, na mtu aliyetaka kadi ya harusi yenye maua alilazimika kwenda Kariakoo. Ukiiomba itafute neno katika kurasa nyingi, ungeweza kuagiza muhogo wa kuchoma ukala. Lakini barua, mikataba ya kuuziana viwanja, mitihani ya shule na ratiba za hitima, yote ilifanya. Na kazi hizo ndizo watu wa Kiwalani walizokuwa nazo.

Aliipata pale shirika la umma alilolifanyia kazi ya mpigachapa lilipofungwa. Nakumbuka miaka ile. Watu waliitwa mmoja mmoja katika chumba chenye kiyoyozi, wakaambiwa kwa Kiswahili laini kwamba wamepunguzwa. Waliowapunguza walikuwa wageni waliokaa majuma machache, wakatazama watu na mashine kwa jicho moja, wakatoa hukumu moja: wamepitwa na wakati. Kompyuta ya idara ilitupwa kwenye korido. Bi Hayat aliiomba badala ya kusubiri sehemu ya mafao ambayo wenzake wengine mpaka leo wanaisubiri. Walimpa huku wakimwonea huruma. Akaipakia kwenye mkokoteni, akaifunika kanga, akatembea nayo ubavuni hadi nyumbani kwao.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, Mzee Muhsin, Mwarabu wa Kiwalani aliyeuza nafaka tangu eneo lile lilipokuwa mikorosho. Ilikuwa haijagawanywa. Msimamizi wa mirathi alikuwa ami yao, Sadallah, aliyekaa Kimbiji na minazi yake. Azan alikuwa amejenga Mbezi Beach. Bi Hayat, baada ya ndoa yake kuvunjika, alikaa vyumba vya uani. Chumba kimoja tu katika nyumba ile kilikuwa na thamani ya biashara, nacho ni hicho cha mbele, kinachotazama barabara.

Ami Sadallah alikuwa ametoa uamuzi wake mapema, na kila mtu mtaani aliujua. Chumba cha mbele ni cha anayekifanyia kazi. Hayat ana kazi ya kweli humo, asiguswe. Siku akiwa hana, Azan akichukue.

Sasa elewa kwa nini Azan alihitaji sana ile mashine iwe imekufa.

Juma lililofuata alimleta ami yao, na pamoja naye likaja boksi kubwa. Waliketi chumbani humo humo. Azan alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo.

"Ami, mimi simnyang'anyi dada yangu. Namletea. Hii ni Pentium, kitu cha kisasa. Kile chombo chake kimekwisha. Afanyie kazi hiki, sote tule."

"Chombo kitakuwa cha nani?" aliuliza Bi Hayat.

"Dada! Kati yangu na wewe kuna cha nani?"

"Nauliza tu."

Ami Sadallah alikuwa mzee mwepesi wa kufurahi, na ndugu wakipeana vitu mbele yake alifurahi zaidi. "Pokea, mwanangu," alimwambia. "Mdogo wako amekuja kwa wema. Jaribu hicho kipya. Hicho cha zamani kiwekeni pembeni."

Angefanya nini? Zawadi iliyoletwa na ndugu wa tumbo moja, mbele ya ami anayesimama mahali pa baba, haikataliwi. Aliyewahi kukaa katika sebule za watu wale anajua kwamba kukataa pale ni sawa na kumtemea mzee mate. Bi Hayat akasema ahsante. Revelian akaibeba mashine ya zamani, akaitia kwenye ujia wa kuelekea uani, katikati ya magunia ya mkaa. Mashine mpya ikafungwa mezani, sanduku refu lililosimama wima kando ya kioo chake, na feni ikaanza kuvuma.

Kesho yake asubuhi mchoraji wa mabango alifika na ngazi. Hakumwuliza Bi Hayat neno. Alilifuta bango lake lililosema "Hapa Tunapiga Chapa" akaandika "Azan Computer Centre", na chini yake akachora mkono wenye saa.

"Nani kakutuma?" Bi Hayat alimwuliza akiwa chini ya ngazi.

"Mwenye duka, mama."

"Mwenye duka ni mie."

Mchoraji alitazama chini, akatazama bango lake. "Mie nimelipwa na kaka mmoja mwenye miwani. Mkikubaliana mniite, nafutaga bure."

Usidhani Bi Hayat aliichukia ile Pentium. Aliipenda, na hilo liliniudhi kidogo. Katika siku chache alishajua kuusukuma ule mshale kwa kile kidude cha mkononi, akachapa kadi zenye waridi, akaandika majina ya maharusi kwa herufi zenye mikia. Wasichana walijazana dirishani. Umeme ulipokuwapo, kazi ilikwenda haraka kuliko zamani. Umeme ulipokatika, betri ya gari iliiendesha ile mashine na kioo chake kikubwa kwa muda mfupi tu kisha ikakata roho, na Bi Hayat akakaa mikono mitupu kama wenzake wa mjini. Lakini hakulalamika. Alisema kila kitu kina taabu yake.

Na alifanya kile alichofanya kwa mashine zote za maisha yake. Aliifumia kitambaa.

Nitajie nyumba ya watu wa pwani ambayo redio haina kitambaa chake. Jokofu lina chake, televisheni ina chake, simu ya mezani ina chake kidogo chenye vishada. Barabara ya Kiwalani ya wakati ule ilikuwa vumbi jekundu, na gari moja likipita kikombe cha chai kinabadilika rangi. Mashine ya zamani ilifanya kazi miaka yote ile huku imefunikwa, kwa sababu haikuwa na moto wa kuutoa. Kwa hiyo Bi Hayat alifuma kitambaa kirefu zaidi, chenye ncha za mawimbi, akalivika lile sanduku refu toka juu hadi nyuma, vizuri kabisa, pale pale feni ilipokuwa ikitolea joto. Alifanya kazi hivyo, mashine ikivuma chini ya kitambaa, naye akiona ameitunza.

Ikaanza kuganda. Akaizima, akaiwasha, ikaendelea. Ikaganda tena. Siku moja adhuhuri, katikati ya kadi za harusi ya watu wa Temeke, kioo kikawa cheusi na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

Azan na Revelian walifika wakati wateja bado wamesimama. Revelian aliondoa kitambaa, akafungua ubavu wa sanduku, akaingiza kichwa.

"Prosesa imekwisha, bosi. Imeungua. Feni ilizibwa."

Azan akakishika kile kitambaa akakiinua juu ili walio nje wakione.

"Dada! Hii ni kompyuta, si hotpoti ya pilau!"

Waliokuwa dirishani waliangua kicheko. Mwanamke mmoja alijaribu kujizuia, akashindwa. Bi Hayat alisimama katikati ya chumba cha baba yake, mwanamke aliyepiga chapa barua za mawaziri, akachekwa na watu aliowaandikia posa zao.

Alimgeukia fundi.

"Revelian, siku uliyoifunga hii, kitambaa changu hukukiona?"

"Nilikiona, mama."

"Ulijua nitaifunika?"

Kijana aliinamisha macho kwenye bisibisi. "Kila nyumba wanafunikaga."

"Na ulijua ikifunikwa itaungua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Bosi aliniambia nifunge mashine, mama. Hakuniambia nikufundishe."

Sijasahau jibu lile, na kila nikilikumbuka hasira inanipanda upya. Maana ndivyo tulivyoletewa kila kitu katika miaka ile. Boksi linashushwa, picha inapigwa, bango linachorwa, na neno moja la kumwambia mwenye kazi jinsi ya kukitunza kitu halimo kwenye boksi. Kikiungua, anayechekwa ni yeye. Mashine iliyohitaji hewa ilipelekwa Kiwalani, penye vumbi na mgao na vitambaa vya kufuma, na aliyejua hatari yake alisimama pale pale akahesabu kwamba si kazi yake kusema.

"Hujui vitu vya kisasa," Azan alisema. "Si kosa lako, dada, ni umri. Nitamwambia ami."

Akamwambia. Alikwenda Kimbiji na gari lake jipya, akamweleza mzee kwamba mashine ya zamani ilishakufa, ya kisasa Hayat ameiunguza, na sasa chumba kimekaa bure na dada yake amekaa bure. Ami Sadallah alihuzunika, lakini alikuwa ameshasema neno lake. Akaahidi kuja kutia saini karatasi ya kumkabidhi Azan chumba.

Bi Hayat alipopata habari hizo alikwenda kwenye ujia. Aliivuta mashine yake kutoka katikati ya magunia, akaipangusa vumbi la mkaa kwa brashi ya viatu, akaiweka juu ya meza ya kukatia mboga, uani, chini ya bati. Aliunganisha betri. Ikawaka polepole kama ilivyokuwa ikiwaka siku zote, bila haraka na bila kinyongo.

Mteja wake wa kwanza wa uani alikuwa Tekla, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, mwanamke mwenye sauti ya kuita watoto toka uwanja mzima.

"Bi Hayat! Mbona umehamia kwa kuku?"

"Nimehamishwa."

"Haya. Mie shida yangu mitihani ya darasa la nne. Nilikwenda mjini, nimekalishwa kutwa, mara umeme, mara printa, mara bosi hayupo. Nikamwambia yule dada wa pale, sista, hawa watoto wanataka maswali, hawataki waridi."

Bi Hayat alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya hotpoti. "Kaa hapo. Mfukuze huyo jogoo asije akakanyaga waya."

Habari zikaenea. Watu walipita mlango wa pembeni, wakaruka dimbwi, wakapanga foleni kati ya kamba za nguo. Mimi pia niliimalizia makala yangu kule. Chumba cha mbele kilikuwa kimefungwa, na kazi yake yote ilikuwa ikifanyika nyuma, juu ya meza yenye alama za kisu. Azan alijua. Alipita mara moja, akachungulia, akamwambia Revelian, "Mwache achezee."

Siku ya kutia saini ilinyesha tangu alfajiri. Ami Sadallah alikuja na mabuti ya mpira, kanzu ameipandisha hadi magotini, maana njia ya Kimbiji ilikuwa tope tupu na alitaka kurudi kabla pantoni ya kuvukia haijajaa watu wa jioni. Alitaka shahidi asiye wa ukoo, akaniita mimi niliyekuwa uani. Tuliketi chumba cha mbele: mzee, Azan, Revelian karibu na ile Pentium iliyoungua, mimi, na Bi Hayat aliyeweka mikono magotini akatazama ukuta.

"Haya, karatasi iko wapi?" mzee aliuliza.

Azan aligonga ulimi. "Ami, Kariakoo umeme umekatika toka asubuhi. Dukani kwangu hakuna hata mashine moja iliyowaka."

"Basi tuandike kwa mkono. Macho yangu mimi yanaona giza, Hayat ataandika."

"Hapana, ya mkono hapana. Karatasi hii naipeleka benki. Benki wakiona mwandiko wa mkono watanicheka, mtu wa kompyuta mimi."

"Sasa? Mimi siwezi kurudi kesho na njia hii."

Azan alitazama saa yake, akatazama mvua. Alikuwa na haraka, na haraka ikamfanya aseme kama mtu anayeagiza maji.

"Si tatizo. Dada ataichapa sasa hivi kwa ile yake ya betri."

Revelian alifumba macho.

Bi Hayat aliugeuza uso kutoka ukutani taratibu. "Rudia, Azan. Ami hakusikia vizuri."

"Nimesema uichape tu, dada. Ni ukurasa mmoja."

"Niichape kwa nini?"

"Kwa... kwa ile mashine yako."

"Ipi?"

Mvua ilipiga bati. Ami Sadallah aliweka kikofia chake sawa, akamtazama Azan kama mtu anayemtafuta ndani ya chumba chenye watu wengi.

"Mashine ipi?" aliuliza sasa mzee. "Uliniambia imekufa."

"Ami, ni kitu cha zamani mno. Inaandika tu. Haifanyi kitu kingine."

"Na wewe leo unataka ifanye nini?"

"Iandike."

"Benki wataikubali hiyo karatasi?"

"Watakubali, mbona... karatasi ni karatasi, Ami."

"Hayat." Mzee alikuwa ameanza kupandwa na hasira, sauti yake ikawa nyembamba. "Iko wapi hiyo mashine?"

"Uani, Ami, na kuku."

"Inafanya kazi?"

"Kila siku. Muulize huyu bwana," akanionyesha. "Muulize mwalimu Tekla. Uliza mlango wa tatu kushoto, mkataba wa kiwanja chao nimechapa juzi, umeme hakuna." Sasa alikuwa amesimama, na yote aliyoyameza tangu siku ya kitambaa yakapanda. "Mie sikubishana na mtu. Mmenipa kipya nikakipokea kwa heshima yako. Mmefuta jina langu mlangoni, nikanyamaza. Nimechekwa na watu humu ndani, chumba cha baba, nikanyamaza. Hakuna aliyenambia kile kitu kinapumua! Fundi kajua, kafunga mdomo. Sasa mnaniita nikae chini nichape kwa mikono yangu karatasi ya kunitoa mwenyewe, kwa mashine mliyosema haifai kitu! Azan, una uso wa namna gani wewe?"

"Dada, punguza sauti, watu nje..."

"Wasikie! Siku ile uliwainulia kitambaa waone. Leo wasikie!"

Azan alimgeukia mzee. "Ami, ukweli unabaki pale pale. Ile prosesa ni ya zamani. Mwaka huu, mwaka ujao, haitafaa tena. Mnaniona mbaya kwa kusema kweli?"

Hapo hakuwa mwongo, na ndilo lililokuwa likinikera zaidi. Ni kweli ilikuwa ya zamani. Siku ingefika ambapo wino wa ile printa usingepatikana popote, na disketi zake laini zisingeuzwa tena. Lakini hatukuwa tumekaa pale kuulizana kuhusu siku hiyo. Tulikuwa Kiwalani, mchana wa mvua, umeme umekatika mji mzima, na katika duka lake zima mtu yule hakuwa na kitu kimoja cha kumchapia ukurasa mmoja isipokuwa kile alichokizika kwenye mkaa. Kama hiyo si kufaa, sijui neno hilo lilitungwa kwa ajili ya nini.

Mzee hakusema hayo yote. Alisema fupi zaidi.

"Nilisema nini mimi siku ile? Mwenye kazi ya kweli asiguswe. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, Ami."

"Nenda ukailete."

"Revelian, kalete ile..."

"Sikumwambia Revelian. Wewe."

Azan alitoka kwenye mvua na shati lake jeupe. Tulimsikia akigombana na kuku. Alirudi na sanduku kifuani, mkaa umemchora mkono hadi kiwikoni, akaliweka mezani mahali pa Pentium. Revelian, bila kuambiwa, alikwenda akaleta kioo, kisha printa, kisha betri. Alipoinama kuunganisha waya alimwambia Bi Hayat kwa sauti ya chini, "Hii hata ukiifunika, mama, haina neno."

"Najua," alisema Bi Hayat. "Wewe ndiye ulikuwa hutaki kusema."

Alikaa. Mzee akasema maneno na yeye akayapiga, kwa nguvu, kila herufi kama anayeponda kitu. Kwamba chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu Muhsin kinabaki mikononi mwa Hayat binti Muhsin kwa kazi yake, mpaka mirathi itakapogawanywa, na mtu yeyote asimbughudhi, asimhamishe, wala asiandike jina lake mlangoni. Hilo la jina mzee hakulisema. Bi Hayat aliliongeza, akalisoma kwa sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa.

Printa ikaanza kulia, mstari baada ya mstari, kwa mwendo wake. Azan alisimama akitazama saa.

"Inachelewa hivi siku zote?"

"Siku zote," alisema Bi Hayat. "Subiri."

Alisubiri. Karatasi ilipotoka Bi Hayat alizichana zile kingo za pembeni zenye matundu, akailaza mbele ya Azan, akamwekea kidole mahali pa saini. Azan aliangaza mezani kutafuta kalamu. Hakuna aliyempa. Akaitoa ya kwake mfukoni, akatia saini, karatasi ikapata doa la mkaa. Mzee akatia yake. Nami nikaandika jina langu chini, mahali pa shahidi.

Ami Sadallah alijinyoosha, akauliza kama kuna kahawa kabla hajaanza safari.

"Ipo, Ami," alisema Bi Hayat akinyanyuka. Alirudi na kikombe kimoja.

Azan alikiangalia kile kikombe mpaka mzee alipopiga funda la kwanza. Kisha akaibeba Pentium yake iliyoungua, akatoka nayo kwenye mvua bila kuifunika.